Ya Spana au ya Mwili

Injini haikukosa pistoni. Haikukosa shafti, wala valvu, wala kichwa chake, ambacho kilichongwa upya mjini kikarudi kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Vitu vikubwa vyote vilikuwapo. Kwa miaka sita gari ambalo mwenyewe alilirithi kutoka kwa marehemu baba yake lilikaa juu ya magogo manne katika banda lililoshikana na nyumba, na kila kazi iliposimama, ilisimamishwa na kitu kidogo kuliko kidole: wosha ya shaba, klipu ya bomba la maji, nati iliyodondoka ikabingirika kusikojulikana, tyubu ya gundi ya gasketi iliyokauka ndani kwa ndani hata ukiikamua inakutolea pumzi tu. Safari moja yeye na fundi wake walikaa miezi mitatu kwa sababu ya kipini cha kukunja kisichozidi njiti ya kiberiti. Miezi mitatu! Fundi akaenda zake kufunga mashine za watu za kusaga, na alipopata nafasi ya kurudi, kipini kilikuwa kimepatikana lakini yeye amesahau alikuwa amefikia wapi.

Mwenye gari alijulikana mtaa mzima kwa jina la Stoo. Jina hilo alilipata kazini, kwani kwa miaka thelathini na moja alitunza stoo ya dawa ya hospitali, na alipostaafu likamfuata nyumbani kama paka asiyefukuzika. Hata mkewe, mwalimu wa hesabu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alimwita Stoo alipotaka kumchokoza na Baba Watoto alipotaka kitu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, shati limechomekwa hata siku ya kulala chini ya gari, na mfukoni kalamu mbili: ya bluu kwa vinavyoingia, nyekundu kwa vinavyotoka. Kazini alisifiwa kwa jambo moja. Muuguzi akija mbio anatafuta dawa ambayo haipo, Stoo alikuwa na mbadala wake mdomoni kabla sentensi haijaisha. "Hiyo hakuna, chukua hii." Hakuwahi kumwacha mtu amesimama dirishani bila jibu. Jibu lilikuwapo siku zote, na mara nyingi lilikuwa sahihi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, la umri wa watu wazima. Akiwa mtoto, Stoo alikuwa akilala kitandani akisubiri mlio wake ukikata kona, mlio kama wa mtu anayekohoa kwa adabu kabla ya kuingia chumbani, ndipo ajue baba amerudi salama na macho yafumbe. Baba alipofariki gari likanyamaza. Duniani walibaki watu wawili wanaoujua mlio ule. Mmoja ni Stoo. Wa pili ni Fundi, mzee wa miaka sabini na kitu aliyelihudumia tangu likiwa jipya, na ambaye miaka sita iliyopita ndiye aliyelifungua lote, kipande kwa kipande, akiweka kila kitu kichwani bila kuandika hata herufi. Mafundi wengine wa mtaani walikwisha kuja mara mbili. Walifunua boneti, wakatafuta pa kuchomeka kompyuta yao, wakakosa, wakacheka, wakaondoka.

Basi Jumamosi moja asubuhi Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, akasema kana kwamba anazungumzia mvua, "Stoo, binti yangu amenijengea chumba."

"Hongera sana, kaka."

"Chumba kiko kwake. Mbali. Macho yangu hayanipeleki tena popote, ananitaka karibu. Wiki mbili kutoka kesho nahama."

Stoo aliitazama injini iliyoning'inia kwenye mnyororo.

"Na gari?"

"Gari tuliwashe kabla. Wiki mbili zinatosha kama hatusimami. Lakini tukisimama tena kwa ajili ya nati, ndugu yangu, mimi utanitafuta kwa tochi."

Mkewe alipoelezwa habari hiyo aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Si utampigia simu akuelekeze?"

"Fundi hueleza kwa mikono," alisema Stoo. "Simu ina mikono?"

Hapo ndipo alipoamua kwamba safari hii hakitakosekana kitu. Kila boliti, kila wosha, kila tone la grisi litakuwa rafuni kabla halijaitwa. Kama kuna kazi moja aliyoijua hapa duniani, ndiyo hiyo. Akarudi bandani na daftari, akamsimamia Fundi kichwani.

"Nitajie vyote."

Fundi akafumba macho. "Andika. Boliti za kumi, arobaini. Za kumi na tatu, thelathini. Za kumi na saba, kumi na sita. Na nati zake. Wosha, za chuma na za shaba, jaza mfuko. Vipini vya kukunja. Klipu za mabomba. Gundi ya gasketi, mbili. Dawa ya kutu. Grisi. Msasa laini. Mafuta ya breki. Matambara, mengi. Matambara hayajawahi kutosha tangu dunia iumbwe."

"Urefu wa boliti?"

"Za kumi na za kumi na saba, kidole kimoja. Za kumi na tatu, viwili." Akavilaza vidole vyake vinene juu ya meza. Stoo akatoa rula, akaanza kuvipima upana.

"Unanishonea suti?"

"Tulia, kaka. Usisogeze."

Jumanne aliamka mapema, na kabla ya kwenda mjini akasafisha rafu. Kanuni ya stoo ni kwamba shehena mpya haipokelewi juu ya uchafu wa zamani. Dawa iliyokwisha muda haikai ubao mmoja na dawa nzima. Kulikuwa na makopo mawili ya boliti zilizotoka kwenye gari, zimeliwa na kutu, vichwa vimeviringika. Akampa mnunua vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Akajisikia mwepesi.

Duka la vyuma lilikuwa refu na jembamba, maboksi yamepanda hadi darini, na mbele wavu wenye kidirisha. Nyuma ya kidirisha alikaa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Foleni ilimsukuma Stoo mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Boliti za kumi, arobaini, urefu milimita ishirini."

"Za kumi za spana au za mwili?"

Swali hilo Stoo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Nyuma yake mwanamume aliyebeba bomba begani alikohoa. Angeweza kusema ngoja nimpigie fundi. Angeweza kusema mama, hebu nieleweshe. Badala yake akili yake ilikimbia ilivyozoea kukimbia: dawa haiitwi kwa jina la kijiko cha kuinywea. Kitu huitwa kwa mwili wake.

"Za mwili," alisema. Kisha, kwa kuwa yule mama alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Bila shaka."

"Na nini tena?"

"Za kumi na tatu, thelathini."

"Za mwili kumi na tatu hazitengenezwi, mzee. Ziko kumi na mbili na kumi na nne. Una uhakika ni mwili?"

"Nipe kumi na mbili. Zitakuwa mbadala."

"Kumi na saba pia hakuna. Kumi na sita."

"Kumi na sita ni sawa."

Yule mama alizipima kwa mkono, boliti nene kama vidole gumba vya mbeba mizigo. "Samahani mzee, unajenga nini?"

"Natengeneza gari."

"La kubebea mawe?"

Foleni ikacheka. Stoo hakucheka. Alitaja vilivyobaki kwa sauti kavu, akasaini, akabeba. Mzigo ulikuwa mzito hata ukamwachia alama mabegani, na njiani alijiambia kwamba vitu imara huwa vizito.

Siku tatu zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha. Alikuwa na chupa za dawa za kahawia alizopewa siku ya kustaafu. Akaziosha, akazikausha juani, akapanga boliti humo, kila aina na chupa yake, kila chupa na karatasi yake, kila karatasi na kadi yake. Alipiga mstari mwekundu kwenye kila chupa kuonyesha kiwango ambacho zikishuka chini yake lazima aagize tena. Gundi ya gasketi aliisoma tarehe ya mwisho, akaweka mbele ile inayowahi kuisha. Matambara aliyakata mraba, akayakunja. Boliti nene hazikuenea kwenye shingo za chupa, ikabidi azihamishie kwenye makopo ya maziwa ya unga. Hata hilo halikumwambia kitu.

Mkewe alikuja mlangoni, akasimama mikono kiunoni. "Umefungua zahanati ya vyuma. Wagonjwa wataanza kupokewa lini?"

"Cheka tu."

"Sicheki, Baba Watoto. Nauliza kama kuna kadi ya kliniki."

Muda wote huo Fundi alikuwa ndani ya injini. Pete za pistoni, beringi, mnyororo, mambo ya ndani kabisa ambayo hayakuhitaji boliti mpya. Macho yake yalikuwa mabovu kweli. Alifanya kazi kwa kupapasa, uso ameuelekeza ukutani kama mtu anayesikiliza redio. Injini ikashushwa ikakaa pake. Ilipofika Jumatano ya wiki ya pili, akajifuta mikono akasema maneno ambayo Stoo aliyasubiri kwa siku nane.

"Haya, tufunge bakuli la oili huku chini. Nipe za kumi, kumi na nane."

Stoo akalifikia kopo. Akatoa kadi, akaandika kwa kalamu nyekundu: kumi na nane zimetoka. Akazimimina kwenye kiganja cha mzee kwa heshima, kama mtu anayekabidhi cheti.

Fundi akazipapasa. Aliichukua moja, akaizungusha kwa kidole gumba, akaipeleka karibu na jicho, kisha puani, kana kwamba harufu ingemsaidia.

"Hii ni nini?"

"Ya kumi."

"Hii ni ya daraja."

"Kaka, ni ya kumi. Pima. Milimita kumi kamili."

Fundi akalala chini ya gari, akaiweka boliti mdomoni mwa tundu lake. Ilikuwa kama kuvisha mtoto mchanga kiatu cha polisi. Akatoka, akakaa, akashika magoti.

"Stoo. Kumi yangu ni spana kumi. Boliti inayofunguliwa na spana ya kumi. Mwili wake ni sita. Kumi na tatu, mwili nane. Kumi na saba, mwili kumi. Ndivyo tunavyosema. Kila mtu mwenye mafuta mikononi ndivyo anavyosema."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza!"

"Niulize nini wakati sijui kama kuna cha kuuliza?"

"Na huyo wa dukani? Muuza vyuma anajua. Hakukuuliza spana au mwili?"

"Hakuuliza," alisema Stoo.

Lilimtoka lenyewe. Jibu lilikuwa tayari, kama siku zote.

Walifungua makopo yote, moja baada ya jingine, na kila lililofunguliwa lilikuwa ubaya mpya. Zile alizoziita kumi ndizo zilizokuwa kumi na saba za Fundi, kwa hiyo kumi na sita kati ya arobaini zilifaa, kwa kazi nyingine, kwa jina jingine. Za kumi na mbili hazikufaa popote. Za kumi na sita ziliweza kufungia geti.

"Basi turudishe zile za zamani kwa muda," alisema Fundi. "Tuzipige brashi ya waya, tuzikaze polepole. Ziko wapi?"

Stoo alitazama mlangoni, kule mkokoteni ulikoelekea wiki iliyopita.

"Usiniambie," alisema Fundi.

"Zilikuwa zimekwisha muda."

"Zimekwisha muda! Boliti! Boliti na yenyewe inanywewa asubuhi na jioni?"

Alhamisi Stoo alirudi mjini na mzigo wake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia yule mama: kwamba muuzaji anayejua kazi yake hamwachii mteja apotee, kwamba kule hospitali mtu angefukuzwa. Alipofika kidirishani hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Jamani, mzee wa mwili karudi!" Yule mama aliwaambia waliokuwa ndani, bila ubaya, kama anavyopokewa mtu wa nyumbani. "Nilijua. Nikamwambia mwenzangu, yule mzee atarudi wiki mbili haziishi. Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

"Mara mbili," alisema Stoo, akausukumia mzigo kidirishani.

Alibadilishiwa bila manung'uniko. Za mwili nane zilikuwapo, safi, urefu wake. Lakini za mwili sita, zile ambazo bila hizo bakuli halifungwi, na bila bakuli hakuna oili, na bila oili injini haiguswi, zilibaki ndefu tu, ndefu kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. "Fupi zinaingia wiki ijayo," alisema mama. Stoo akazunguka maduka mengine matatu kwa miguu. Wiki ijayo. Wiki ijayo. Katika la tatu mwenye duka hakusema hata wiki, alitikisa kichwa tu na kuendelea kula karanga. Stoo akarudi kununua penseli.

Ijumaa walikata. Hakukuwa na njia nyingine. Fundi alibana boliti kwenye jiliwa, Stoo akavuta msumeno wa chuma, kisha Fundi akasawazisha ncha kwa tupa na kupitisha nati ili kusafisha njia. Dakika kumi kwa boliti moja, kama mkono hautetereki. Kuona boliti mpya, ya kadi, ikikatwa nusu kwa makusudi kulimuuma Stoo kama kumwaga dawa kwenye sinki. Kwenye boliti ya saba bledi ya msumeno ikavunjika. Katika orodha yote ile, na chupa zote zile, na kadi, na mistari myekundu, hakukuwa na bledi hata moja ya akiba.

Stoo akaketi chini sakafuni, shati na yote. "Haiwezekani," alisema. "Haiwezekani kabisa."

"Imewezekana," alisema Fundi.

Bledi ilipatikana kwa mchomelea vyuma wa mtaa wa pili, nayo ilikuwa nusu meno, nusu kumbukumbu. Jua lilipotua walikuwa na boliti kumi na tatu.

Jumamosi asubuhi wakamaliza tano zilizobaki. Saa nne Fundi alikuwa chini ya gari anapaka gundi kwenye gasketi, upole kama anayepaka mtoto mafuta, na Stoo kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alipiga hesabu yenye matumaini: bakuli hadi saa sita, kabureta hadi saa tisa, halafu rejeta, plagi na taimingi, yaani kupanga moto wa plagi uje kwa wakati wake, na kesho alfajiri kabla mzee hajaondoka, ufunguo. Ndipo simu ya Fundi ilipolia. Sauti ya bintiye ilisikika banda zima.

"Baba, shikamoo. Kesho nimepangiwa kazi, siwezi kutoka. Nakuja kukuchukua leo. Saa kumi niwe hapo. Mizigo yako ifungwe."

"Haya, mwanangu. Haya," alisema Fundi, na simu ikakatwa. Akabaki amelala vile vile, macho kwenye chuma. "Umesikia."

"Nimesikia."

Wakakaza bakuli. Boliti kumi na nane, za mkono, zote zikaingia. Ilikuwa saa sita na robo. Kabureta lilikuwa bado vipande kwenye sinia, na hata Stoo, ambaye hakuwa fundi, aliona kwamba halitafungwa, likaunganishwa na kuwashwa kwa saa nne na mikono miwili inayoona na miwili isiyoona.

Fundi alitoka chini ya gari, akajinyoosha mgongo. Alikuwa na hasira ya mtu mstaarabu, inayotafuta pa kukaa. "Siku tatu," alisema. "Siku tatu tumekula kwa sababu ya mwanamke mmoja mvivu wa kuuliza. Nakwambia, njia yetu inapita mjini. Nitamwambia binti yangu asimame pale dukani. Yule mama nataka anieleze, uso kwa uso, mbele ya wateja wake, aliuzaje boliti za daraja kwa mtu wa gari bila kuuliza spana au mwili."

Stoo alikuwa anafuta mikono kwa tambara la mraba. Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona yule mama nyuma ya wavu, miwani kifuani, na mzee kipofu nusu akimfokea kwa kosa ambalo si lake.

"Usisimame dukani, kaka."

"Kwa nini nisisimame?"

"Aliniuliza."

"Aliuliza nini?"

"Spana au mwili. Mara mbili. Nikajibu mwili." Akaliweka tambara chini. "Sikujua maana ya swali. Nikajibu hivyo hivyo."

Fundi aligeuka. Alikwenda kwenye bomba la nje, akafungua maji, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Aliporudi alikaa kwenye ndoo yake.

"Na Jumatano ukaniambia hakuuliza."

"Ndiyo."

"Miaka sita nakaa na wewe humu ndani. Hujawahi kuniuliza kitu. Nikisema lete, unaleta. Nikisema shika, unashika. Nikadhani unaelewa. Nikasema moyoni, huyu ana akili, hata nikiondoka atamalizia mwenyewe." Akamgeukia. "Unaelewa nini kuhusu gari hili? Niambie ukweli."

Stoo alitazama chupa zake, zimejipanga na karatasi zao. "Najua viko vingapi," alisema.

Fundi alicheka, cheko fupi lisilo na raha. Kisha akatazama mlango, pale mwanga wa mchana ulipokatia sakafu. "Binti yangu ni mtu wa saa. Saa kumi ni saa kumi. Acha kabureta. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Yote. Ya kijinga kwanza."

Ikawa kama bomba lililopasuka. Stoo, daftari magotini akiandika, hakujua kama alikuwa na maswali mengi kiasi hicho. Waya mwekundu wenye mstari mweupe unakwenda wapi? Springi hii ndogo ni ya nini, mbona imekaa kwenye sinia miaka minne na hakuna anayeigusa? Gundi hii inapakwa pande zote mbili?

"Upande mmoja! Nani kakwambia mbili?"

"Nilikuona unageuza."

"Nilikuwa nageuza nipate mwanga, mdogo wangu!"

Unakaza kiasi gani?

"Mpaka mkono useme basi."

"Mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Fundi, na safari hii alicheka kweli. Akamwita chini ya gari, wote wawili wakalala chali, na mzee akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Stoo, juu ya spana ya kumi. Wakavuta pamoja. "Hapa bado. Hapa bado. Hapa, umeisikia? Ukizidi hapo unaikata." Stoo aliisikia. Kitu kilibana ndani ya chuma, kikatulia. Waliirudia kwenye boliti kumi na nane zote, na mara moja moja Fundi aliondoa mkono wake ili amwache avute peke yake, na mara mbili akamchapa kidole kwa kuzidisha.

Honi ililia saa kumi kasoro dakika tano. Bintiye aliingia bandani akiwa amevaa nguo za kazi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mdogo. Samahani, nina haraka, barabara itajaa." Akamshika baba yake kiwiko. Mke wa Stoo naye akaja na begi la mzee, alilokuwa amekwenda kumfungia chumbani kwake mchana.

Stoo aliwafuata hadi nje na daftari wazi mkononi, akiandika huku anatembea. "Kaka, shafti inalegea wapi? Na oili lita ngapi? Na ile pampu?" Fundi alijibu akiingizwa garini, akajibu akifungwa mkanda, akajibu kwa mikono nusu dirishani. Mlango ukafungwa.

"Moja la mwisho! Taimingi! Ile alama ya kwenye puli, nikiifikisha juu, moto unakuwa wa silinda ya kwanza au ya nne?"

Fundi alimwelekea, akainua kidole, akasema. Wakati huo huo bintiye akawasha gari, gari jipya, zuri, lenye kelele ya feni, na kidole kikafichwa na kioo kilichokuwa kinapanda. Stoo aliona midomo ikitembea. Akapunga mkono, akapiga hatua mbili, akapaza sauti, "Ya ngapi?" Mzee, ambaye toka umbali huo hakuona kitu ila mtu mrefu anayepunga, naye akapunga kwa furaha. Gari likakata kona.

Alirudi bandani akapiga simu papo hapo. "Ndiyo, ndiyo," ilisema sauti ya Fundi katikati ya upepo. "Haya. Nasikia. Tutaongea." Ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa.

Mkewe aliingia, akasimama kando ya tairi lisilokuwapo. "Halijawaka."

"Halijawaka."

"Kimekosekana nini?"

"Safari hii hakuna kilichokosekana. Vyote viko hapa." Alilitupa daftari juu ya boneti, na sauti ikampanda bila kutarajia. "Kabureta lote bado. Na jibu la mwisho sikulisikia. Alama ile ni ya silinda ya kwanza au ya nne, amenijibu, na sikusikia! Ningemuuliza jana. Ningemuuliza mwaka juzi."

"Ya kwanza au ya nne tu? Si ya pili wala ya tatu?"

"Ndiyo."

"Basi ni majibu mawili. Utafunga hilo kabureta, utajaribu moja. Ikikataa, ni lile jingine."

Ilikuwa kweli, na haikumfariji hata kidogo. Kuwaka, huenda gari lingewaka, baada ya mwezi au miwili. Lakini hakutakuwa na mtu pembeni yake wa kuinua kichwa na kusema, ndiyo, ndio mlio wenyewe huo. Angesimama peke yake akisikiliza, asiwe na wa kumuuliza kama anaukumbuka sawasawa.

Mkewe alivua viatu vyake, akavaa kandambili za Stoo zilizokuwa mlangoni. "Nipe cha kushika," alisema.

Alitaka kumwambia aende akapumzike. Akamsogezea sinia lenye vipande vya kabureta, akamwonyesha pa kusimama ili asikinge mwanga, na kwa sauti ya mtu ambaye hasira yake bado haijaisha, akasema, "Springi ile ndogo. Nishikie hiyo. Usiidondoshe."

"Hii ni ya nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni; Stoo akalimeza, akalichukua daftari juu ya boneti kwenda kutazama.